Mkono wa Joglekar

Burhanpur
3 Novemba 1979

Kaka Shridhar,

Najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utataka kuiweka kando. Usiiweke. Ukishasoma uichane, uichome, fanya utakavyo, lakini kwanza soma.

Abba ni mgonjwa. Ugonjwa wenyewe siujui, na hapo ndipo penye taabu. Tangu mvua zikatike hali chakula cha maana. Kila alasiri mwili unampata joto, jioni unatulia. Kanzu zake nimezipunguza na bado zinamning'inia. Asubuhi anakaa kwenye zahanati anapima wagonjwa kama kawaida, anawatania, anawafokea wapenda pilipili, lakini wa mwisho akitoka tu, anaegemea ukuta na kufumba macho.

Nilimwambia, "Abba, nipe mkono nikupime mapigo." Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Tangu lini nyumba hii ikajishika mkono yenyewe?" Nikasema basi tumwite yule tabibu wa Khandwa. "Wa Khandwa akamshike mkono mkewe! Mkono wangu ni wa kina Joglekar."

Unaijua desturi yetu, ila naiandika kwa kuwa siku hizi unajifanya umeisahau. Tangu mababu, nyumba yetu hutibiwa na nyumba yenu, na yenu hutibiwa na yetu. Sisi na tiba yetu ya Kiyunani, ninyi na Ayurveda yenu, ukuta mmoja katikati. Nilipougua surua, aliyekaa kitandani pangu ni baba yako. Ulipopata homa ya matumbo, Abba alihamia kwenu na mto wake. Hakuna aliyewahi kumpima wa damu yake, kwa sababu ukimpenda mgonjwa kupita kiasi vidole hukudanganya.

Baba yako, Baba Vaidya wetu, ameshatangulia. Joglekar mwenye kujua kushika mkono umebaki wewe peke yako. Sikuombi mpatane. Njoo umshike, uniambie kuna nini, kisha urudi zako Nagpur.

Mdogo wako,
Nuzhat

*

Nagpur
9 Novemba 1979

Nuzhat,

Nimeisoma. Sikuichana.

Namsikitikia Mzee Hakim Latafat, lakini siji. Usinilazimishe kueleza jambo uliloliona kwa macho yako.

Miaka minne iliyopita nilitoka huku na mfuko mzima wa dawa. Baba ana kisukari, kidonda cha mguu kimeharibika, na katika nyumba ile sukari ilikuwa haipiti mlangoni hata kwa ajili ya mgeni. Hiyo ilikuwa amri ya nani? Ya baba yako, aliyekuwa akimtibu. Nikafungua mlango, nikamkuta Baba ameegemea mito, shira inamchuruzika ndevuni, na Hakim wenu amekaa pembeni na sahani ya jalebi, vile vitamu vya kukaangwa, anamlisha kwa mkono wake. Tena wanacheka! Wanacheka, Nuzhat, kama watoto walioiba.

Wiki haikwisha, Baba akafariki. Nilimuuliza mbele za watu, "Ni wewe uliyempa?" Akasema, "Ndiyo, ni mimi." Basi. Hata pole hakutoa. Ndiyo maana nilimkataza asifuate jeneza, na ndiyo maana nilifunga zahanati yetu nikamleta Mama huku.

Mimi mwenyewe ni Vaidya, tabibu wa Ayurveda, nina wagonjwa wangu, najua sukari inamfanya nini mtu wa namna ile. Mpeleke hospitali. Wana mashine, na mashine haina rafiki.

Mama aliniuliza barua imetoka kwa nani, nikamwambia ni mambo ya paa la nyumba. Moyo wake hauna nguvu siku hizi, sitaki kumchokonoa.

Shridhar Joglekar

*

Burhanpur
14 Novemba 1979

Kaka Shridhar,

"Mzee Hakim Latafat"! Ebo! Tangu lini? Mtu aliyekufundisha kuogelea mto Tapti, uliyemwita Baba mdogo mpaka ndevu zikakuota, leo amekuwa Mzee Hakim Latafat kama jina la kwenye hati ya kiwanja. Na mimi umenitilia saini ya jina na ukoo, nisije nikakuchanganya na Shridhar mwingine. Ahsante.

Hospitali nimempeleka. Alikubali kwa sababu nililia, na machozi sikuyatafuta, yalikuja yenyewe. Daktari ni kijana mpole, mwenye adabu. Akamwekea Abba kile chombo kifuani, Abba naye akamtazama machoni na kumuuliza, "Mwanangu, unalala vizuri kweli? Hebu toa ulimi." Kijana wa watu akautoa! Tulipoondoka alikuwa ameshaambiwa aache kula akiwa amesimama, na wauguzi wawili wamepanga foleni nyuma yake. Tumerudi na picha ya kifua isiyoonyesha kitu. Daktari anasema ni uzee. Joto la alasiri liko palepale.

Lakini nikwambie kitu, maana naona umeshamsahau huyu unayemkasirikia. Juzi aliletwa mfumaji, amekohoa tangu kiangazi, ameshakunywa kila kitu. Abba hakumpa dawa. Alimshika mkono, akanusa kichwa chake, akamuuliza, "Mwezi huu unafuma uzi wa rangi gani?" Buluu. "Na mtungi wa rangi uko upande gani wako?" Kushoto, dirishani. "Hamisha mtungi, au hama wewe. Kisha uje, nitakupa sharubati, lakini hutaihitaji." Jana amekuja na tabasamu na kikapu cha ndizi, hakohoi. Mimi nilikuwa nimeshamtwangia dawa kinu kizima! Nimejifunza kwake tangu utotoni na bado ananiacha mdomo wazi. Na hayo ameyafanya akiwa hana nguvu ya kupanda ngazi zake mwenyewe.

Unakumbuka yeye na Baba Vaidya walivyokuwa wakigombana? Wamshike mgonjwa mmoja wote wawili, baba yako aseme, "Mapigo haya yanaruka kama chura, ni moto wa nyongo." Abba aseme, "Chura wapi? Huyu ni paa! Wewe vidole vyako vina samli." Watupiane maneno mpaka chai ipoe, halafu waandike dawa, na dawa ni ileile. Wagonjwa walikuwa wanachelewa makusudi kwenda kwao ili wausikilize ugomvi.

Kuhusu jalebi, sijui. Nimemuuliza mara nyingi. Jibu lake ni hilohilo, "Kinachosemwa kati ya vidole vya tabibu na mkono wa mgonjwa hakitoki nje." Ila najua kwamba mtu huyo hajawahi kumpa mgonjwa hata punje ya hiliki bila sababu. Wewe pia unajua, ndiyo maana inakuuma.

Njoo, tafadhali.

Nuzhat (wa Hakim Latafat, usije ukanisahau)

*

Burhanpur
20 Novemba 1979

Kaka,

Hujajibu, na mimi siwezi kungoja jibu. Nimefanya jambo ambalo hakuna wa nyumba hii aliyewahi kulifanya.

Leo baada ya adhuhuri Abba alipitiwa na usingizi kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa umelala wazi juu ya goti. Nikapiga magoti, nikauwekea vidole. Nilijiambia nitagusa tu.

Ni sisimizi, kaka. Unajua vitabu vyetu vinavyosema: kuna mapigo ya paa, kuna ya mawimbi, kuna ya mkia wa panya, na ya mwisho kabisa ni ya sisimizi, madogo, ya haraka, yanasongana chini ya ngozi kama hayana nafasi. Mwenye hayo huandaliwa sanda. Niliyasikia waziwazi. Nimeyasikia kwa wagonjwa wengine na hakuna aliyepona.

Sijamwambia. Alipoamka alinikuta nachambua ua la waridi kwa sharubati, akanitania kwamba nimeacha vikonyo. Nikacheka. Sijui nilichekaje.

Kama bado umekasirika, njoo umkasirikie hapa, mbele yake, angali anasikia. Lakini njoo.

Nuzhat

*

Nagpur
26 Novemba 1979

Dada yangu Nuzhat,

Barua yako ilifika tukiwa mezani. Niliifungua palepale, nikaisoma, na Mama akausoma uso wangu. Akasogeza sahani. "Hiyo si ya paa la nyumba," akasema. "Nisomee. Na ile ya kwanza kailete, na ya pili."

Nikamsomea zote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anazungusha bangili. Nilipofika kwenye sisimizi akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Zile jalebi nilizinunua mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Jalebi gani, Mama?"

"Jalebi ngapi unazozijua wewe? Zile. Nilikwenda dukani kwa miguu yangu, nikachagua za maziwa, za moto. Nilitaka kumlisha mwenyewe nikashindwa. Ndipo Latafat akachukua sahani."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Baba yako alimwita Latafat amshike mkono. Akamshika wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia. Baba yako akamwambia, 'Sema bwana, mimi si mteja wa kubembelezwa.' Latafat akasema, 'Vishnupant, imekwisha.' Baba yako akasema, 'Nilijua tangu juzi, nilitaka tu kuisikia kwa mtu anayejua kazi. Basi niletee jalebi. Umeninyima miaka yote hiyo, jambazi wee!' Latafat akacheka mpaka akapaliwa. Mguu ukatwe, usikatwe, hapakuwa na kupona tena, mwanangu. Wote wawili waliiona."

Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Nilimuuliza kwa sauti ya juu, Nuzhat, nakiri. Mama yangu hakutikisika.

"Alinikataza baba yako. Alisema, 'Shridhar atakuja na mfuko mzima wa dawa, atataka kupigana. Akijua nimekataa mwenyewe, atanikasirikia mimi, na mimi sitakuwapo wa kupatana naye. Atabaki na hasira hiyo maisha yake yote. Mwacheni amkasirikie Latafat. Latafat yupo, na ana mabega.' Na Latafat akasema, 'Haya, niachie mimi.' Hivyo tu, kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake kikapu."

Miaka minne! Nimemtukana mtu huyo mbele ya mtaa mzima, nimemzuia asimfuate rafiki yake mtoni tulikomchoma, na yeye akasimama pale akasema "ni mimi" ili mimi nibaki na baba wa kumpenda. Sijui kama kuna mwingine duniani angeweza. Nimekaa nje ukumbini tangu jana, naona haya hata mbele ya mke wangu.

Nakuja. Ningekuja leo, lakini samli ya dawa iko jikoni na haijaiva. Mashapo yake bado yananata vidoleni, nikichovya utambi nikauwasha unatatarika, kwa hiyo maji bado yamo. Siwezi kumjia mtu yule na samli mbichi. Mpaka Jumapili itakuwa tayari, na Mama amesema nisijaribu kumwacha.

Juu ya sisimizi, usizimie moyo. Sisemi ulikosea, sijamgusa bado. Nasema tu kwamba sababu ya desturi yetu unaijua, umeniandikia wewe mwenyewe.

Usimwambie kwamba Mama amenieleza. Nitamwona kwanza. Mwambie tu Joglekar anakuja kumshika mkono Baba mdogo.

Kaka yako,
Shridhar

*

Burhanpur
19 Desemba 1979

Kaka Shridhar,

Sasa nacheka kicheko cha kweli, kwa hiyo naweza kukuandikia.

Anakula! Asubuhi uji wa wali, mchana maziwa na samli yako, jioni khichdi ya mchele na dengu, na anataka kuongezewa. Joto la alasiri limekwisha tangu wiki iliyopita. Tambuu nimezificha kama ulivyoagiza, akazitafuta, akazipata, nikazificha tena. Chai ya rangi tumbo likiwa tupu hanywi, ila analalamika kwamba nimeungana na Wajoglekar kumwua kwa maziwa. Jana amepanda ngazi mwenyewe kuja kuniambia kwamba nimeunguza vitunguu.

Na mimi bado naona aibu. Ulipomshika mkono na kusema, "Kidonda cha tumbo, nyongo imewaka, mzee anafunga na Ramadhani bado," nilikaribia kudondosha sinia. Nikakwambia mbele yake, bila kufikiri, "Lakini nilisikia sisimizi!" Abba aligeuka polepole. "Ulisikia wapi?" Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akacheka, akauchukua mkono wangu mimi, akaweka vidole. "Hawa hapa sisimizi wako," akasema. "Ulijishika mwenyewe, mwanangu. Hofu yako ilikuwa inakimbia kwenye ncha za vidole." Najua mimi ni tabibu mzuri, kaka, watu wanatoka mbali kunifuata. Lakini siku ile sikuweza kutofautisha damu yake na yangu.

Mwenzangu, mlivyogombana! "Chura," wewe. "Paa," yeye. "Chura, Baba mdogo, tena wa masika." "Paa, na wewe umerithi vidole vya samli." Mama yako Kashi alikaa mlangoni akiufuta uso wake kwa pindo la sari, akidai ni moshi wa jikoni.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Mlipomaliza kubishana hukumwachia mkono. Nilidhani umegundua kitu kibaya zaidi unatuficha. Mlikaa hivyo, naye hakuuvuta mkono wake. Nilisimama na vikombe sijui niangalie wapi. Nilingoja umwombe radhi, hukumwomba. Nilingoja akuulize, hakukuuliza. Mkanywa chai, mkazungumza bei ya pamba.

Tangu mwondoke anaandika barua na kuchana. Leo ameniomba stempu. Naiweka ndani ya hii yangu. Sikuisoma, ingawa Mungu anajua nilivyojizuia.

Msalimie Mama Kashi. Mwambie moshi wa jikoni yetu unamngoja.

Nuzhat

*

Burhanpur
19 Desemba 1979

Mwanangu Shridhar,

Samli yako ina ladha ya kandambili, lakini inafanya kazi. Baba yako angeipika hivyohivyo, ila angesifiwa nayo siku nzima. Wewe uliiweka mezani ukanyamaza. Hapo umemzidi.

Sasa tuseme la pili. Mtu akipima mapigo, anabonyeza, analegeza, anasikiliza, anaachia. Wewe ulimaliza kupima, nikajua umemaliza, na hukuachia. Mimi nimeshika mikono ya watu tangu sijaota ndevu. Mkono ukinishika, nami naupima. Mapigo ya vidole vyako yakaniambia Kashi amesema.

Nimemkasirikia sana shemeji yangu. Nilimwahidi Vishnupant kwamba utanichukia mpaka nife, na ahadi imevunjwa zikiwa zimebaki siku chache tu. Nikikutana naye nitamwambia ni mkewe, asinianze mimi.

Radhi usiniombe. Hukunikosea. Ule mzigo niliupokea mwenyewe, kwa rafiki ambaye angenibebea wa kwangu bila kuuliza una nini ndani. Wala haukuwa mzito kila siku. Ulikuwa mzito siku za sikukuu, nikiona mlango wenu una kufuli.

Lakini nisikilize, na hapa nasema kama tabibu wa nyumba yenu, maana mkono wako ni wangu kuupima kisheria. Si mzima wewe. Kuna kitu kimekaa kifuani mwako kikagoma kutoka. Uliingia kwenye chumba cha baba yako na hasira, ukatoka na hasira, ikakushughulisha miaka hii yote. Sasa imeondoka, na katika wiki hizi utamwona baba yako anakufa upya. Utashtuka umeshika kijiko, utasahau ulikuwa unakwenda wapi. Usiogope na usinywe dawa yoyote. Dawa yake naiandika hapa: njoo Burhanpur, ufungue zahanati ya baba yako, utandike mkeka wake, tukae wawili.

Mimi pia sijamlilia. Nisingeweza. Ungeniona nalia ungeona mtu aliyefiwa, na hasira yako ingekosa pa kukaa, ingekwenda kwa baba yako. Basi nikajizuia. Nilijizuia siku ile mlipopita na jeneza mbele ya mlango wangu, nikajizuia kila nilipopita kwenye kufuli lile. Njoo upesi, mwanangu. Nimekungoja ili tumlilie pamoja, na mimi ni mzee, nimechoka kungoja.

Baba yako mdogo,
Latafat Husain